Gorogoro sita: hesabu ya chakula cha mkimbizi na cha jirani yake

Agosti 2025, swali lililozunguka Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mlango kwa mlango lilikuwa fupi: "Nyinyi mmewekwa kundi la ngapi?" Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limeacha kugawa chakula sawa kwa wote, likazipanga familia za wakimbizi katika makundi manne. La kwanza lilikuwa la walio hoi kabisa, la pili la wanaoponea chupuchupu. La tatu na la nne yalikuwa ya walioonekana kwamba wanaweza kujitafutia, na hao hawakupangiwa kitu. Kabla ya hapo watu walikuwa wamemiminika barabarani kulalamika, na risasi zikalia.

Huku kwingine Kenya mjadala ukagawanyika, kama kawaida yetu. Wako waliosema watu wanaachwa wafe njaa mchana kweupe. Wako waliojibu kwamba hao wamelishwa bure zaidi ya miaka 30, ilhali Mturkana aliyezaliwa papo hapo hana hata kikombe cha mtama. Nimesoma maoni ya pande zote mbili hadi macho yakauma, na naona zote zimeruka jambo moja: chakula cha msaada hakikai pale kilipotolewa. Hutembea. Ukikifuata kutoka kituo cha kugawia hadi sufuriani, unakuta kwamba lile swali la "wao au sisi" liliulizwa vibaya tangu mwanzo.

Tukifuate basi, lakini kwanza tuelewane kwenye maneno.

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake akikimbia vita au mateso. Aliyekimbia mambo hayo hayo lakini akabaki ndani ya nchi yake ni mkimbizi wa ndani, na sheria zinazomhusu ni nyingine, hata kama njaa yao ni moja. Mwenyeji naye ana sura mbili, na watu huzichanganya. Anaweza kuwa familia iliyokufungulia mlango, mkalala sebuleni kwao wewe na wanao. Anaweza pia kuwa jamii nzima iliyokuwa ikiishi mahali kabla ya kambi kuletwa, kama Waturkana wa Kakuma, ambao mwaka 1992 waliona maelfu ya vijana wa Sudan wakiletwa kutoka upande wa Lokichoggio na mahema yakisimikwa kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu. Mgao ni kiasi cha chakula alichopangiwa mtu mmoja kwa siku. Habari zikisema "mgao umekatwa hadi asilimia fulani", asilimia hiyo ni ya kiasi hicho, wala si ya pesa za shirika au idadi ya watu.

Kiasi chenyewe kinatoka wapi?

Mashirika ya Umoja wa Mataifa hupanga kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kalori ni nguvu anayoipata mtu katika chakula. Ifikirie kama tokeni za stima. Hata ukizima taa zote ukalala, friji inaendelea kula tokeni usiku kucha, na mwili ni vivyo hivyo: moyo unapiga, mapafu yanapumua, mtoto anarefuka, vyote hivyo vinakula tokeni kabla mtu hajainua jerikeni la kwanza la maji. Hiyo 2,100 ni wastani wa mtoto, mzee, mama anayenyonyesha na kijana wa miaka 17 wakijumlishwa pamoja. Ndiyo maana nyumba yenye vijana wanne wa kiume huumia kuliko nyumba yenye watoto wanne wadogo, ingawa kadi zao za mgao zinaandika idadi ile ile ya watu.

Ukitaka kuigeuza namba hiyo iwe chakula, mgao kamili wa kawaida huwa karibu hivi: gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au dengu, gramu 25 za mafuta ya kupikia, gramu 50 za unga wa uji uliorutubishwa, sukari kidogo na chumvi kidogo. Gramu hazisemi kitu kwa mtu asiye na mizani, kwa hiyo tupime kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalotumika katika kila soko la Kenya. Gramu 400 mara siku 30 ni kilo 12. Gorogoro sita za mahindi au mtama kwa mtu mmoja, mwezi mzima. Nyumba ya watu watano inapata gorogoro 30, kilo tisa za maharagwe na kama lita nne za mafuta. Aliyesoma shule ya bweni anajua maisha ya namna hiyo: hufi, lakini unaweza kuota kitunguu usingizini.

Maana kapu hilo, hata likijaa, halina kitunguu. Halina nyanya, nyama, wala maziwa, na Mturkana na Mnuer wa Sudan Kusini wote ni watu wa maziwa. Halina sabuni. Halina kalamu ya mtoto. Na nafaka yenyewe mara nyingi huja punje, kwa hiyo lazima ipelekwe kwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine lazima alipwe. Asiye na shilingi hulipa kwa punje zile zile. Gorogoro sita zimeshaanza kupungua na hatujawasha moto bado.

Moto ndio unatupeleka kwa jirani.

Kakuma ni jangwa la mchanga na miiba. Kuni za kambi nzima hazitoshi, na mkimbizi akienda kukata mti mbali na kambi anaingia katika ugomvi na wenyeji, ugomvi ambao umewahi kumwaga damu. Kwa hiyo miaka yote hii makaa na kuni zimekuwa zikiletwa na mama wa Kiturkana. Anatembea kutoka kijiji cha mbali, shanga zimejaa shingoni, gunia la makaa ya mathenge, ule mti wa miiba, liko kichwani, na anafika kwenye ua wa familia ya Sudan Kusini au ya Kongo jua likiwa bado halijakolea. Analitua. Hapaulizwi bei kwa shilingi. Mwenye nyumba anatoa kikombe, anapima mtama, anamimina kwenye kitambaa. Mama anakitazama kile kikombe, anaonyesha kwa kidole kwamba hakikujaa hadi ukingoni. Wanabishana kwa maneno machache ya Kiswahili cha kuokoteza, mwenye nyumba anaongeza konzi moja ya dengu, na biashara imekwisha. Jioni ile, kwenye manyatta ambako hakuna mtu hata mmoja mwenye kadi ya mgao, panapikwa dengu za njano zilizovuka bahari.

Sasa rudi kwenye ule usemi tunaousikia kila mara, kwamba "wakimbizi wanauza chakula cha msaada, kwa hiyo wameshiba." Kweli wanauza. Wanauza kwa sababu kapu lina vitu vya aina tano na maisha yanadai vitu vya aina hamsini. Kuna wengine wanaouza kwa sababu wamepewa mtama na kwao ni watu wa wali na pasta. Mtu anayeuza gorogoro moja ili apate makaa ya kupikia zile zilizobaki hajashiba. Amelipa gharama ya kupika, kama wewe unavyojaza mtungi wa gesi. Na aliyemuuzia makaa hayo ni yule yule Mturkana ambaye tumeambiwa hapati chochote.

Nisieleweke vibaya. Mama huyo hakupewa, alichuma. Alitoa jasho na miti ya kwao, na alilipwa chakula ambacho katika kitabu cha mfadhili kimeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Msaada ulimfikia kwa mlango wa nyuma. Ubaya wa mlango wa nyuma ni kwamba hakuna anayeuhesabu, na usipohesabiwa, siku unapofungwa hakuna anayejua kwamba umefungwa.

Hapo ndipo namba ya 2025 inapouma. Katikati ya mwaka huo mgao kwa wakimbizi walioko Kenya ulishuka hadi asilimia 28. Piga hesabu: asilimia 28 ya gorogoro sita haifiki gorogoro moja na robo tatu, kwa mtu, kwa mwezi. Kwa kalori ni kama 590 kwa siku. Ni chapati mbili za kawaida, asubuhi hadi asubuhi. Nyumba ya watu watano iliyokuwa na gorogoro 30 inabaki na nane na ushei. Hapo hakuna kikombe cha kumpimia mtu wa makaa.

Kuna watu huuliza kwa nini wasilime. Ni swali la haki, na Waswahili wana methali yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe linataka shamba, na shamba linataka mvua. Turkana kwa wastani hupata mvua kidogo mno, na kati ya 2020 na mapema 2023 misimu mitano mfululizo ilikataa. Mifugo ya wenyeji wenyewe ikafa. Juu ya hapo, kwa miaka mingi mkimbizi nchini Kenya ametakiwa kukaa kambini na kuomba kibali hata cha kwenda Lodwar, mji mkuu wa Turkana. Anayefanya kazi na mashirika hulipwa posho ndogo inayoitwa insentivu, ambayo si mshahara wa kazi ile ile akiifanya Mkenya. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango kidogo, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke miji ya kawaida, wakimbizi na wenyeji wakitumia huduma zile zile. Mlango umefunguliwa na mgao ukakatwa mwaka ule ule. Ni kama kumwambia mtoto ajifunze kuogelea siku uliyochukua boya lake.

Uganda walilichukulia jembe kwa maana yake halisi. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi, ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea, na kwa miaka kadhaa sasa serikali yao imesisitiza kwamba msaada unaokwenda katika wilaya za wakimbizi ugawanywe, asilimia 70 kwa wakimbizi na 30 kwa wenyeji. Ile 30 si gunia la unga kwa kila jirani. Mara nyingi ni darasa, kisima, zahanati. Hata huko, hata hivyo, mwaka 2023 WFP ilipanga wakimbizi katika makundi matatu, moja likipata zaidi, jingine kidogo, jingine sifuri. Kwa hiyo makundi ya Kakuma hayakuzuka tu.

Tuache kambi kidogo twende mahali pasipo na kambi, maana huko ndiko hesabu ya mwenyeji huonekana wazi zaidi.

Mashariki mwa Kongo wengi wa waliokimbia vita hawalali kambini. Wanalala kwa shangazi, kwa rafiki wa kanisani, kwa mtu ambaye jana hawakumjua. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, kambi kubwa za kandokando ya mji zilitawanywa ndani ya siku chache, na watu wakarudi kwenye vijiji vilivyobomolewa au wakajibana kwenye nyumba za mbao za wenzao. Maelfu wengine walivuka hadi Burundi, wakalala kwenye uwanja wa michezo wa Rugombo mkoani Cibitoke, na wengine wakapokelewa majumbani.

Chukua nyumba moja ya namna hiyo. Ilikuwa na watu sita na gunia la unga la mwezi. Wanaingia watu watano. Lile gunia linaisha siku ya 16. Hakuna aliyefanya kosa. Ni kugawanya tu. Baada ya hapo mwenye nyumba huanza kula vitu visivyoliwa. Huuza mbuzi. Humtoa mtoto mmoja shuleni. Mwishowe hufungua ule mfuko mdogo wa mbegu za maharagwe uliofichwa juu ya dari, akazipika. Siku anapozipika mbegu, njaa ya msimu ujao imeshaandikwa, na haitasomeka katika ripoti yoyote ya wakimbizi kwa sababu yeye si mkimbizi.

Shirika likifika na orodha yenye majina ya wageni peke yao, linawapa watu watano mgao kamili: kilo 60 za nafaka. Je, wataupika kwenye sufuria yao pembeni, huku watoto wa mwenye nyumba wakiwatazama? Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeweza. Zitaingia kwenye sufuria moja, watakula watu 11, na kilo 12 za kila mmoja zitakuwa tano na nusu. Mratibu wa shirika ataandika kwamba ametoa asilimia 100. Sufuria itasema 45. Ndiyo maana ya kuandikisha nyumba nzima, mgeni na mwenyeji kwenye karatasi moja. Wengine hudhani ni zawadi ya kumshukuru mwenyeji, au hongo ya kumnyamazisha. Mimi naiona kama hesabu sahihi, basi. Ukihesabu midomo, hesabu iliyoko kwenye sufuria.

Na kuna jambo ambalo husahaulika: kabla ya lori la kwanza kufika popote, mwenyeji ndiye aliyekwisha kutoa msaada wa chakula. Wiki ya kwanza ni yake. Mara nyingi na ya pili.

Kakuma mwenyeji halali nawe chumba kimoja, kwa hiyo kapu lake limewekwa mbali kidogo. Familia maskini za Turkana, pamoja na za Mandera, Marsabit na Wajir, zimo katika mpango wa serikali wa kupambana na njaa ambao umekuwa ukilipa shilingi 5,400 kila miezi miwili. Ni shilingi 2,700 kwa mwezi, na malipo hayo mara nyingi yamekuwa yakichelewa. Kuna chakula cha shuleni, ambacho tangu 2018 kimo mikononi mwa serikali. Zahanati na hospitali za kambini hutibu Waturkana pia, na mtoto aliyedhoofika hupewa pakiti ya siagi ya karanga iliyorutubishwa bila kuulizwa kadi ya wazazi wake. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa 2016 kilomita chache kutoka Kakuma, yalipangwa tangu mwanzo ili shule na visima vitumiwe na wote. Kwa hiyo "wenyeji hawapewi chochote" si kweli. Lakini kusema "wenyeji wanatosheka" ni uongo mkubwa zaidi. Mifuko yao ni midogo, imetawanyika, na walio mbali na barabara hata ule mlango wa nyuma wa makaa hauwafikii.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba msaada ni magunia tu. Siku hizi sehemu yake ni pesa, na pesa ndizo huwakera watu kuliko unga.

Mwaka 2015 WFP ilianzisha Bamba Chakula, kwa maneno ya mjini "pata chakula". Badala ya sehemu ya nafaka, familia ikawekewa thamani yake kwenye laini ya simu, ikanunue chakula kwa wafanyabiashara walioandikishwa, wakimbizi na wenyeji. Baadaye, Kalobeyei, familia nyingi zikapewa pesa za kutumia zitakavyo. Sababu yake ni rahisi ukiangalia ramani. Gunia likitoka bandari ya Mombasa lina zaidi ya kilomita 1,200 za barabara mbele yake, na kila kilomita inadai mafuta, ulinzi na ghala. Shilingi haipakiwi kwenye lori. Tena mwenye shilingi hununua kitunguu.

"Pesa watalewea." Tafiti zilizokusanywa na Benki ya Dunia kutoka nchi nyingi hazikuona hivyo: kwa jumla, familia zikipewa pesa, matumizi ya pombe na sigara hayapandi. Ubovu wa pesa uko kwingine. Bei ya unga ikipanda, laini ya simu haipandi nayo. Na kuna deni. Familia nyingi hukopa dukani kabla ya pesa kuingia, mwenye duka anaandika kwenye daftari, na mara nyingine hubaki na kadi ya benki ya mteja kama rehani. Pesa zinapoingia, anakata chake kwanza. Mteja huyo hawezi tena kwenda duka la jirani penye unga wa bei nafuu. Amefungwa. Huko Kigoma, mradi wa pesa ulioanza katika kambi ya Nyarugusu mwishoni mwa 2016 ulisimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka uliofuata, na wauzaji wa vijiji vya Kasulu waliokuwa wamezoea wateja wapya wakabaki na nyanya zao. Iwe uamuzi ule ulikuwa na sababu au la, waliokwama mwishoni walikuwa wenyeji pia.

Soko la Kakuma si dogo. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara, ilikadiria kwamba kambi na mji wake vina soko la shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Miaka miwili kabla, utafiti mwingine wa benki hiyo ulikuwa umeonyesha kwamba kuwepo kwa wakimbizi kulikuza uchumi wa Turkana kwa zaidi ya asilimia tatu. Sehemu kubwa ya soko hilo husimama juu ya mgao. Ukipita soko la Wasomali au la Wahabeshi ukaona jokofu za soda na simu mpya, ni rahisi kusema "hawa wana pesa". Angalia daftari la deni chini ya kaunta kwanza.

Na nani anayelipia haya yote? Wengi hufikiri Umoja wa Mataifa una hazina fulani, kwa hiyo ukikata mgao ni roho mbaya au wizi. WFP haina hazina wala ada ya uanachama. Ni harambee tupu. Kila mwaka inapita na bakuli, na serikali zinaweka zikitaka. Mkenya yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi anajua matatizo yake: kuna ahadi na kuna pesa mkononi, na mpishi halipwi kwa ahadi. Kuna bahasha zilizoandikwa "ya keki", ambazo huwezi kununulia mchele hata kama wageni wanalia njaa. Wafadhili nao huandika "ya Sudan" au "ya Ukraine", na pesa hizo hazihamishiki kwenda Kakuma. Na kuna yule mjomba mmoja tajiri anayebeba karibu nusu ya bajeti. Kwa WFP mjomba huyo alikuwa Marekani, iliyotoa zaidi ya dola bilioni nne mwaka 2024. Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Chakula kikinunuliwa leo huchukua miezi kufika kambini, ndiyo maana njaa ya Juni ilikuwa imeamuliwa Januari.

Sasa makundi yanaeleweka, hata kama hayapendezi. Una sahani tatu na watu kumi. Ukizigawa sawa, wote kumi wanalala njaa na aliye dhaifu anakufa. Ukimpa aliye dhaifu sahani nzima, lazima kuna wasiopata. Kwa karatasi, wa kunyimwa ni mwenye duka, mwenye insentivu, anayetumiwa pesa na ndugu aliyeko ng'ambo.

Kosa la wazi ni la kuorodhesha. Mjane mwenye kibanda cha mandazi anaonekana mfanyabiashara, na anawekwa kundi la tatu. Kosa hilo linaweza kukatiwa rufaa. La pili ni gumu zaidi. Yule mwenye kibanda alikuwa anajitegemea kwa sababu wateja wake walikuwa na mgao wa kubadilisha kuwa mandazi. Siku walipoingia kundi la pili mgao wao ukapungua. Siku pesa za Bamba zilipokatika, waliacha kununua. Alipopimwa alikuwa na wateja. Aliponyimwa hakuwa nao. Kundi liliandikwa kama kwamba kipato cha mtu ni chake peke yake, kumbe kilikuwa kikombe cha mtu mwingine kikipita mkononi mwake.

Na katika makundi yote manne hakuna hata moja lililo na nafasi ya mama wa makaa. Hakupimwa, kwa sababu hayumo kwenye orodha ya kupimwa. Anafika asubuhi kama zamani, analitua gunia lake la mathenge kwenye ua ule ule. Mwenye nyumba anatoka mikono mitupu, anatikisa kichwa. Mama anangoja kidogo, pengine kikombe kitatokea. Halafu anajitwika gunia tena, anajaribu ua unaofuata.